Maswali na majibu: Ununuzi Japani, kuanzia kaunta ya konbini hadi jiko la wali

Maswali ya safari hii yametoka kwa wanafunzi walioko Japani na kwa wanaojiandaa kwenda.

Nikifika kwa keshia wa konbini (duka dogo la mahitaji ya kila siku) ananiuliza maswali mfululizo, nami naitikia "hai", yaani ndiyo, kwa kila kitu. Huwa anauliza nini?

Hiyo "hai" ndiyo inayokuuzia mifuko usiyoihitaji. Maswali ni yaleyale kila siku, kwa hiyo tega sikio kwa neno moja tu katika kila swali. *Pointo kādo*: una kadi ya pointi? *Atatame*: chakula kipashwe moto? *O-hashi*: unataka vijiti vya kulia? *Fukuro*: unataka mfuko? Tangu Julai 2020 mfuko wa plastiki unalipiwa, kwa kawaida yen chache tu.

Kukubali, sema "onegai shimasu". Kukataa, sema "daijōbu desu" huku ukipunga kiganja kidogo mbele ya kifua. Usiache ishara hiyo, maana maneno yale peke yake yanaweza kueleweka kama ndiyo au hapana. Ukinunua bia, skrini iliyokuelekea itakutaka uguse kitufe kuthibitisha kuwa umetimiza miaka 20.

Fedha taslimu usimpe mkononi, iweke kwenye kisahani kilicho mbele yako. Chenji ikiwa na noti, atazihesabu kwanza ukiona, kisha akupe sarafu pamoja na risiti. Bakshishi usiache: atakufuata hadi nje akijua umesahau pesa zako.

Kwa nini bei ya rafuni hailingani na ninayolipa?

Kodi. Lebo nyingi zina bei mbili: yenye 税抜 ni kabla ya kodi, yenye 税込 ni ya kulipa, na mara nyingi ya kwanza ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Tangu Oktoba 2019 kodi ni asilimia 10, ila chakula cha kwenda nacho ni asilimia 8. Bento (mlo uliofungwa kwenye kisanduku) la yen 500 kabla ya kodi utalilipia 540 ukiondoka nalo, na 550 ukilila kwenye viti vya dukani. Pombe ni asilimia 10 popote utakapoinywea.

Stika ya 2割引 supamaketi ni punguzo la asilimia 2?

La, ni asilimia 20. Alama 割 inahesabu sehemu za kumi, kwa hiyo 3割引 ni asilimia 30. Inayosubiriwa na wengi ni 半額, nusu bei. Hubandikwa jioni kuelekea saa za kufunga, hasa kwenye sushi, samaki na vyakula vilivyopikwa.

Kabla hujajaza kikapu, soma tarehe. Mwaka hutangulia, kisha mwezi, kisha siku: 26.03.11 ni Machi 11, 2026. Halafu angalia maneno yaliyo kando yake. 消費期限 ni mwisho wa kula, ikipita tupa. 賞味期限 ni mwisho wa ubora tu, na biskuti iliyopita siku mbili bado inalika.

Mimi ni Mwislamu. Onigiri (tonge la wali lenye kitoweo ndani) ipi ni salama?

Usiamini picha ya samaki iliyo mbele. Geuza pakiti usome viambato: 豚 ni nguruwe, ラード ni mafuta yake, ポークエキス ni supu yake iliyokolezwa, na 酒 ni pombe ya mapishi. ゼラチン ni jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Hata onigiri ya samaki au ya mwani inaweza kuwa na kimojawapo kwenye kikolezo, na viambato hubadilika bidhaa inapofanyiwa marekebisho, kwa hiyo soma tena hata ile uliyoizoea. Hifadhi alama hizi kwenye simu ulinganishe.

Nataka kumletea mama jiko la umeme la kupikia wali kutoka Japani. Litafanya kazi Dar?

Ukilinunua bila kusoma lebo ya chini, litaungua siku ya kwanza. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Tanzania ni 230. Koili ikipewa volti zaidi ya maradufu, nguvu yake hupanda mara tano na ushee: jiko la wati 700 hujaribu kuvuta zaidi ya 3,500. Fyuzi ya joto hukatika, na kwenye majiko yenye skrini bodi nayo hufa. Adapta ya plagi haisaidii chochote hapo, kwani inabadilisha umbo la miguu tu.

Suluhisho bora ni kuulizia modeli ya soko la nje ya Japani, *kaigai-muke*, iliyoandikwa 220–230V. Maduka makubwa ya Akihabara, mtaa wa vifaa vya umeme jijini Tokyo, yanayohudumia watalii huwa nazo. Zinauzwa ghali kuliko za ndani, lakini lipa tu. Ukiwa tayari umenunua la volti 100, tafuta transfoma ya kushusha umeme, ya wati 1,000 au zaidi kwa jiko la wati 700, iwe ile nzito yenye chuma na waya wa shaba ndani. Vile vidogo vyepesi vinavyouzwa kwa ajili ya pasi na drai ya nywele huharibu bodi.

Chaja za simu na kompyuta mpakato hazina shida mradi zimeandikwa INPUT 100–240V. Hizo ndizo pekee ambazo adapta ya plagi inazitosha.