Machicha ya mama mkwe

Mmeuliza wiki hii: kati ya kuchemsha kwenye birika, kuchuja kwa kitambaa, plunja, mashine ya vidonge (kahawa iliyofungwa kwenye vikopo vidogo, kila kimoja kwa kikombe kimoja) na kahawa ya kuyeyuka, ipi ni rahisi, tamu na isiyo na taka? Nilishaandika "plunja", lile birika la kioo unalobonyeza kichujio mpaka chini. Halafu neno taka likanikwama.

Nimeolewa Mbozi, mkoani Songwe, kwa wakulima wa kahawa, nakaa Uyole, Mbeya. Wenye wakwe Mbozi wanajua: kahawa hupelekwa chama cha ushirika, nyumbani hunywewa chai. Januari mwaka juzi, mvua hazinyamazi, mama mkwe akaja na mfuko wa kahawa yake, punje nyepesi na zilizovunjika zilizobaki kwenye kuchambua. Nikazikaanga, nikasaga kwa blenda, nikatia vijiko vinne vya kujaa kwenye plunja. Akanywa, akasema tamu, akaongeza sukari vijiko vitatu.

Nikasimama kuosha. Nikaligonga birika kwenye sinki, machicha yote yakaenda na maji.

"Mwanangu, unamwaga?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaanza kunihesabia: ili upate kilo moja ya kahawa safi, yaani punje kavu zilizokobolewa, unachuma kilo tano au sita za matunda mekundu, moja moja, kwa vidole. Kesho yake nilikuta plunja imeshaoshwa. Machicha yalikuwa kwenye sufuria na tangawizi iliyopondwa, yanachemka mara ya pili. Akayachuja kwa chujio la chai, akajaza chupa. Jioni mume wangu akanywa, akasema, "Leo kahawa imekolea." Miaka tisa ya ndoa, yangu hajawahi kuisifia! Yaliyobaki baada ya hapo mama aliyamwaga kwenye shina la mgomba.

Siku ya tatu sinki likaziba. Fundi akafungua bomba, akatoa tope jeusi kiganja kizima, akachukua elfu kumi na tano. Mama alilitazama lile tope, akarudi kuchambua maharage. Ni afadhali angesema.

Hizo nyingine sina mengi. Ya vidonge niliinywa kwa shemeji Dar: nzuri, haraka, ila kila kikombe kinaacha kikopo chake, na umeme ukikatika mnatazamana. Ya kuchemsha ni tamu ukiiacha itulie, ikichemka sana inakuwa chungu. Na msitishwe na ushauri wa kusubiri maji yaliyochemka yapoe kidogo kabla ya kuyamimina kwenye kahawa. Huku kwetu juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, kwa hiyo mimina tu.

Basi futeni plunja, niandikieni kitambaa. Kinakamata vumbi la kahawa, machicha unayakung'uta yote yakiwa pamoja, na sinki halihusiki. Kasoro yake ni kukifua: kikibaki kibichi usiku mmoja kinanuka, na kwa baridi ya Juni hakikauki upesi.

Ila nisiwadanganye. Saa kumi na mbili asubuhi, watoto hawajavaa soksi, mimi huchota kijiko cha Africafe, ile kahawa ya kuyeyuka ya kopo, nakoroga, naondoka. Machicha yake yamebaki kiwandani, hayanihusu. Nikisikia mama mkwe ameshapanda gari Vwawa, kule Mbozi, kopo hilo linahamia nyuma ya ndoo ya unga.