Je, karatasi ya maabara inatosha kuufanya unga wa mlonge kuwa dawa?

SWALI: Mama yangu ana kisukari na kwa miaka sita sasa anameza vidonge vya metformini. Mwezi uliopita nilimnunulia unga wa mlonge. Pakiti inasema mlonge una vitamini C mara saba ya chungwa, na muuzaji alinionyesha nakala ya karatasi ya maabara iliyoandikwa kwamba alkaloidi, flavonoidi, tanini na saponini (makundi ya kemikali za asili za mimea) “zipo”. Alisema huo ndio ushahidi wa kisayansi kuwa unga ule ni dawa, na kwamba mama anaweza kuacha vidonge. Karatasi hiyo inathibitisha nini hasa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Naanza na lisiloweza kungoja. Mama yako asiache vidonge vyake. Sukari inayopanda bila kudhibitiwa huharibu macho, figo na neva za miguu polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote, na mgonjwa huja kushtuka maji yamekwisha kuzidi unga.

Sasa tuitazame karatasi. Huenda ni ya kweli kabisa, nami sina sababu ya kumtuhumu muuzaji kwamba ameighushi. Tatizo ni kwamba imebebeshwa mzigo usio wake. Uchunguzi wa aina hiyo ni hatua ya kwanza katika kazi ndefu. Mkemia huloweka unga wa majani katika maji au alkoholi, huuchuja, kisha huigawa dondoo hiyo katika mirija midogo ya kioo. Mrija mmoja hutikiswa, na povu likikaa kwa muda bila kutuama huhesabiwa kuwa dalili ya saponini, ambazo hutoa povu kama sabuni. Mwingine hutiwa matone ya kloridi ya feri, na rangi ikigeuka buluu iliyokaribia weusi au kijani kilichokoza, tanini zipo. Kila mrija hujibu “ipo” au “haipo”, basi. Hauelezi ni alkaloidi ipi, ni kiasi gani, wala itafanya nini ndani ya mwili wa mtu.

Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu alkaloidi ni ukoo mkubwa mno: kafeini ya kahawa ni alkaloidi, kwinini iliyotibu malaria ni alkaloidi, nikotini ya tumbaku ni alkaloidi, na striknini, ambayo ni sumu ya kuua, nayo ni alkaloidi. Kusema kwamba mmea una alkaloidi ni sawa na kusema kwamba ndani ya nyumba kuna watu, bila kujua kama ni wenyeji, wageni au wezi. Majani ya chai unayoyachemsha kila asubuhi yana alkaloidi, flavonoidi, tanini na saponini pia, na hakuna anayemshauri mgonjwa wa kisukari aache vidonge kwa sababu amekunywa chai.

Ili kuvuka hatua hiyo, wataalamu hutenganisha dondoo kwa kromatografia, hutambua kila molekuli kwa uzito wake, hupima wingi wake, na ndipo huanza majaribio ya usalama na ya tiba. Kwa mlonge kazi hiyo imefanyika kwa sehemu: majani yake yana viambata viitwavyo kwasetini na asidi ya klorojeni, pamoja na vingine vya jamii inayoipa haradali ukali wake, na ndiyo maana jani bichi la mlonge huwasha ulimi kidogo. Majaribio mengi kuhusu sukari, hata hivyo, yamefanywa kwa panya; yale ya binadamu ni machache, yamehusisha watu wachache, na matokeo yake hayakubaliani.

Tena, historia ya kidonge anachomeza mama yako yenyewe inaonyesha umbali uliopo kati ya mmea na dawa. Huko Ulaya kulikuwa na mmea uitwao Galega officinalis, uliotumiwa na waganga wa jadi na uliojulikana pia kwa kudhuru mifugo. Wakemia walipata ndani yake kiambata kiitwacho galegini, ambacho kweli hushusha sukari; kilijaribiwa kwa wagonjwa katika miaka ya 1920 kikaachwa kwa sababu ya sumu yake. Metformini, ambayo ni ndugu yake wa kikemia aliye mpole zaidi, ilitengenezwa mwaka 1922, lakini ni mwaka 1957 ndipo daktari Mfaransa Jean Sterne alipochapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari.

Angalia pia kama karatasi inataja kimiminika kilichotumika kutoa dondoo, kwa sababu maji hayatoi yale yanayotolewa na methanoli, ambayo ni aina ya alkoholi. Mwanasayansi Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alihangaika na mmea wa Artemisia annua hadi alipoacha joto kali na kutumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi tu, na dondoo ya mwaka 1971 ndiyo iliyoangamiza vimelea vya malaria katika panya. Mmea ulikuwa uleule. Njia ndiyo iliyobadilika. Kama maabara ilitumia methanoli, basi haikupima kile mama anachokoroga kwenye uji.

Kuhusu chungwa, hesabu ile hutokana na majani mabichi, tena kwa kulinganisha uzito kwa uzito. Vitamini C huharibiwa na joto, mwanga na hewa, kwa hiyo sehemu kubwa hupotea majani yanapokaushwa. Protini na madini hubaki, na kwa kuwa maji yameondoka huonekana mengi: takriban robo ya uzito wa unga ni protini. Lakini nani anakula gramu 100 za unga wa mlonge? Gramu 5 zitampa mama protini ya zaidi kidogo ya gramu moja, wakati yai moja lina kama gramu 6.

Ningekuwa wewe, ningemwomba muuzaji karatasi nyingine, inayoonyesha kama unga umepimwa madini ya risasi, mabaki ya viuatilifu na sumukuvu, kwa kuwa majani yaliyokaushwa vibaya huota ukungu. Karatasi hiyo ingenifaa zaidi kuliko orodha ya alkaloidi.

Mama akipenda ladha ya mlonge, majani yapikwe kama mboga, kwani huo ni mlo mzuri. Mizizi na magome asiguse, maana yana viambata vyenye sumu. Na kama ataendelea na unga, amweleze daktari wake katika kliniki ya kisukari, aje na pakiti yenyewe, na apime sukari mara nyingi zaidi katika wiki za mwanzo, kwa sababu unga ukiongeza nguvu kidogo juu ya ile ya vidonge, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Akitetemeka, akitokwa na jasho jingi au akihisi kizunguzungu, apewe maji ya sukari mara moja na apelekwe hospitali.