Waifai "unmanaged" kwenye Debian

Ndugu yangu wa Ngamiani, umesema kompyuta yako ya mezani yenye Debian (mfumo endeshi wa Linux) inaiona kadi ya waifai, ila amri ya nmcli device inaandika "unmanaged", yaani NetworkManager, programu inayosimamia mitandao, haiisimamii, na simu iliyo hapo hapo mezani inashika mtandao vizuri. Basi ruta haina kosa, usiizimezime bure.

Andika sudo rfkill list, uone kama redio ya waifai imezuiwa. Ukikuta "Soft blocked: yes", ifungue kwa sudo rfkill unblock wifi.

Ila mimi nashuku kwingine. Fungua faili la /etc/network/interfaces. Ukisakinisha Debian kwa kutumia waifai, huenda ikaacha humo mistari ya kadi yako, mfano "iface wlp2s0 inet dhcp" (wlp2s0 ni jina la kadi). NetworkManager ikikuta kadi imetajwa humo hujitoa, haiigusi. Hili lilinikesha usiku mzima pale Chumbageni, nikamlaumu fundi aliyeniuzia kadi, maskini!

Nakili faili hilo kwanza. Kisha weka # mwanzoni mwa kila mstari wa wlp2s0 ili usisomwe, pamoja na mistari ya jina la mtandao na nywila iliyo chini yake. Mistari ya lo (kiungo cha ndani ya kompyuta yenyewe) usiiguse. Zima kompyuta, uiwashe, urudie nmcli device. Ikisoma "disconnected", chagua mtandao wako uweke nywila.