Tarehe ya patenti kuisha itakudanganya, mimi ilinidanganya

Kuna kampuni moja ya dawa, jina naliacha, niliuza hisa zake zote sababu nilisoma patenti (haki ya kuzuia wengine wasiiige) ya dawa yao kubwa inaisha, nikajiona mjanja kweli. Miaka ikapita dawa bado iko peke yake sokoni na hisa zinapanda, mimi niko pembeni nameza mate.

Nilihesabu ile miaka 20 tu basi. Kumbe hiyo 20 inaanza siku ombi la patenti linapopelekwa, dawa yenyewe bado iko maabara, majaribio yanakula miaka kibao, ikija kuanza kuuzwa muda ushakatika. Ndo maana Marekani tangu sheria ya 1984 wanairudishia kampuni sehemu ya muda uliopotea, hadi miaka 5, ila muda wa patenti uliobaki baada ya dawa kuidhinishwa usizidi 14.

Halafu kuna kinga ya soko, yaani muda ambao dawa ya kuiga hairuhusiwi kuingia, hii wanatoa FDA (mamlaka ya dawa ya Marekani), sio ofisi ya patenti. Molekuli mpya miaka 5, ugonjwa adimu 7, dawa za kibayolojia (zinazotengenezwa kwa chembe hai) 12. Inaenda sambamba na patenti, haipandi juu yake (hapa nako nilichemka, nikajumlisha zote kama mishahara miwili).

Ila kuna miezi 6 ya watoto, hii ndo inapanda juu. Kampuni ikifanya utafiti kwa watoto ulioombwa na FDA inaongezewa miezi 6, hata kama majibu yatasema dawa haiwasaidii watoto! Dawa inayouza dola bilioni 4 kwa mwaka, hapo ni bilioni 2 za ziada, na kiwanda kipo, wauzaji wapo, daktari keshaizoea.

Cheki Humira, sindano ya baridi yabisi ya kampuni ya AbbVie. Patenti kuu Marekani iliisha 2016, lakini AbbVie walishaizungushia patenti zingine kama ukuta, washindani wakaingia Januari 2023, na mauzo ya 2022 yalipita dola bilioni 21. Lipitor ya Pfizer, dawa ya kolesteroli, yenyewe jeneriki (nakala za bei rahisi za wengine) ziliingia Novemba 2011, mauzo yakatoka kama bilioni 9.6 mwaka huo mpaka chini ya 4 mwaka 2012. Sio mteremko huo, ni shimo.

Kwa hiyo kwenye Excel yangu nilifuta kolamu ya "patenti inaisha" nikaweka "jeneriki ya kwanza inaingia lini". Kwa vidonge anzia Orange Book, orodha ya FDA ya dawa zilizoidhinishwa, patenti na kinga zimo, alafu soma ripoti ya mwaka ya kampuni utafute walikubaliana nini na washindani mahakamani, mara nyingi tarehe yenyewe imejificha huko. Na usisahau riba: kwa asilimia 10, dola utakayoipata mwaka wa 12 leo ni senti 32 tu, ya mwaka wa 2 ni senti 83. Ndo maana miezi 6 kwa dawa inayokaribia mwisho naipa uzito kuliko mwaka mzima kwa dawa iliyotoka jana.