Fila ya midomo saluni
Dada, umeuliza kama mtu wa saluni mwenye cheti anaweza kukudunga fila, ile jeli ya kujaza midomo. Hapana, cheti cha kozi ya urembo kilichotundikwa ukutani hakimfanyi awe na ruhusa ya kukudunga fila wala Botox. Botox, ile sindano ya kulegeza misuli ya uso, ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Kwa hapa Kenya, ingia tovuti ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari, utafute jina la anayetaka kukudunga. Leseni huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo angalia ya mwaka huu, na kituo chenyewe kiwe na leseni yake.

Halafu muulize: hayaluronidasi unayo hapa hapa? Ndiyo dawa inayoyeyusha fila ya asidi ya hayaluroniki ikiziba mshipa wa damu. Mshipa ukiziba ngozi huanza kufa, na fila ya pua au ya katikati ya nyusi imeshapofusha watu. Mimi ni nesi kliniki ya ngozi, dawa hiyo huwa tunaiweka tayari kabla hata ya kufungua sindano. Akianza kubabaika, chukua mkoba wako uondoke.

Ila leseni haisemi kama amezoea kudunga nyuso, hilo umuulize mwenyewe. Na fila ya silikoni haiyeyushwi na hayaluronidasi, ikatae kabisa.