Wakija na habari za bwawa, anzeni na karatasi ya mahudhurio

Sisi wa Tana River mabwawa tumeyajua kwa maji yake kuliko kwa umeme wake. Kindaruma lilianza kazi 1968, yakafuata Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, yote juu ya mto wetu, na namna mafuriko yanavyotufikia ikabadilika. Sasa kuna mpango wa High Grand Falls, mpakani mwa Kitui na Tharaka Nithi. Nimekuwa katibu katika mikutano ya maoni ya miradi kama hii, na vijana wa vijiji vingine huniuliza wajiandae vipi. Huwaambia waanze na karatasi ya mahudhurio.

Karatasi yenyewe mnaijua: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Juu haina kichwa. Mtu hutia sahihi upesi maana nauli na soda hutolewa kwa orodha hiyo hiyo. Mkutano mmoja niliohudhuria, tulikuja kuikuta imebanwa nyuma ya ripoti iliyosema jamii imeunga mkono mradi, na siku hiyo wazee walikuwa wamesimama kuupinga mbele ya chifu. Siku hizi, kabla haijazungushwa, tunaandika kwa kalamu juu ya kila ukurasa: tarehe, mahali, ajenda, na maneno "waliohudhuria, si waliokubali". Kisha kila ukurasa unapigwa picha kwa simu. Wageni hununa kidogo, halafu mkutano unaendelea.

Wekeni pia katibu wenu. Kumbukumbu zake zisomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, na maoni yapelekwe kwa barua NEMA, mamlaka ya mazingira inayotoa leseni, nakala yenu ikigongwa muhuri wa kupokelewa. Makelele ya barazani hayafiki mahakamani, karatasi hufika. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, na sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ilikuwa imefanyika kabla ya ripoti ya athari kuandikwa. Kanuni za 2003 za kupima athari kwa mazingira zinataka mikutano isiyopungua mitatu, na humo mradi na athari zake zielezwe. Mkiambiwa "athari tutawaletea baadaye", andikeni maneno hayo hayo kwenye kumbukumbu. Na leseni ikitolewa msiporidhika, rufaa ina siku 60. Msizimalize kwa vikao vya wazee.

Halafu tazameni nani hayupo. Mkutano ukiitishwa wakati wa mvua, wafugaji wengi wa Orma na Wardei wako mbali na mto. Hurudi delta kiangazi, ng'ombe wakishuka kunywa kwenye malka, yaani njia zao za kufikia mto. Bila wao, nani atauliza malka zitabaki wazi? Wata, jamii ya wawindaji tangu zamani, ni wachache, na mara nyingi hukumbukwa mkutano umekwisha. Akina mama nao huketi nyuma, na mbele ya wazee wengi hawatasema, ilhali ndio wateka maji. Ombeni kikao chao peke yao, mwandishi awe mwanamke.

Swali ambalo wahandisi hawalipendi ni la miezi. Usiulize "mtatusaidiaje?", utajibiwa shule na zahanati. Uliza: Aprili na Mei mtaachia maji kiasi gani? Novemba je? Mpokomo hupanda mpunga na ndizi kwa kufuata maji yanapopanda na kushuka, na maziwa ya kando ya mto hupata samaki mto ukifurika. Bwawa likizuia mafuriko madogo, hayo yote hukauka. Likijaa likafunguliwa ghafla, tunajua yanayotokea. 2018 na 2024 watu wa Garsen na Hola walilala kwenye mahema. Kwa hiyo uliza pia nani ataleta habari milango ikifunguliwa, kwa njia gani, na saa ngapi kabla. (Mimi umeme siupingi. Hata simu ninayoandikia naichaji dukani kwa watu.)

Mwisho ni ardhi, na hapa nawasihi msingoje mradi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ardhi ambayo haijasajiliwa inashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba yenu, na ikitwaliwa, fidia hukaa kwenye akaunti ya kaunti hadi mtakaposajili. Mkishasajili, mkataba wa mwekezaji unahitaji kukubaliwa na thuluthi mbili ya mkutano wa jamii, kwa hiyo mtu mmoja mwenye koti hawezi kuwasemea. Kazi ya kusajili ni ndefu na ina ugomvi wa mipaka, hasa baina ya mkulima na mfugaji. Bora ugomvi huo tuumalize wenyewe sasa, Gasa, yaani baraza la wazee wa Wapokomo, na wazee wa Orma wakiwa meza moja, kuliko umalizwe na mpima ardhi wa mradi.