Wosia wa mdomo ni mzito kuliko wa kalamu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: je, maneno aliyoyasema marehemu, au karatasi aliyoiandika kwa mkono wake bila wakili, vina nguvu mahakamani? Vyote viwili vina nguvu. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunadhani kusema ndiyo njia nyepesi, kumbe sheria imeifanya kuwa nzito zaidi. Nazungumzia Tanzania, kwa wale ambao mirathi yao inaendeshwa kimila, maana nilikaa mahakama ya mwanzo kama mzee wa baraza na hizi ndizo kesi zilizoniumiza.

Kanuni zake ni za mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436. Wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi, ikiwa mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, wanatosha wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, nao wawe wanajua kusoma. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba, na hapo mashahidi wanarudi kuwa wanne. Uandikwe kwa wino au upigwe chapa, maana penseli haikubaliki. Tarehe iwepo. Wakili si sharti.

Sasa mtazameni mgonjwa aliyeko wodini usiku, anamwambia mkewe: "Nyumba ni yako na wanangu." Mke amesikia, labda na binti yao. Hao watu baki wawili watatoka wapi saa hiyo? Msiba ukishapita, kikao cha ukoo kinauliza nani mwingine alisikia, na mama wa watu hana wa kumtaja. Wosia ukianguka, mali inagawiwa kana kwamba mumewe hakufungua mdomo. Na kanuni hizo hizo za 1963 zinasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Naona hilo ni dhuluma, na maadamu halijafutwa, mwanamume anayempenda mkewe asimwachie maneno matupu.

Maandishi yana kinga nyingine: wosia wa maandishi haufutwi kwa wosia wa mdomo. Hakuna atakayesimama matangani kudai kwamba mzee alibadili nia dakika za mwisho.

Kenya, chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wawili, na mwenye kuusema awe amefariki ndani ya miezi mitatu. Akipona akaishi mwaka, maneno yale hayana nguvu tena. Kwa Waislamu hesabu ni nyingine: wosia hauvuki theluthi ya mali, na mrithi hausiwi kitu bila warithi wenzake kuridhia.

Hapa Tanzania, wosia ukishaandikwa unaweza kuhifadhiwa RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), benki, kwa wakili au kwa viongozi wa dini. Na kama mgonjwa wenu tayari ameshindwa kushika kalamu, msikae mkilia naye peke yenu. Iteni ndugu wawili wa ukoo na majirani wawili wasiorithi chochote, mkewe naye awepo, aseme wote wakisikia, akiwa bado na akili zake timamu.